Kiguu na Njia wa Kliniki ya Presha

Ifikapo tarehe 30 ya mwezi huu wa Juni, muuguzi mwandamizi wa kitengo chetu cha utafiti wa presha anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, kumi na minane kati ya hiyo akiwa nasi. Barua ya ofisi ya utumishi imeandika jina lake kamili na cheo chake, kama inavyotakiwa. Sisi tuliofanya naye kazi tumemzoea kwa jina la Kiguu na Njia, mwenyewe huliitikia bila kinyongo, na ndilo nitakalolitumia katika ukurasa huu wa jarida letu.

Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ni mtakwimu wa kitengo na nimekaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo. Kukaa ni namna ya kusema tu. Mimi nilikaa, yeye alipita. Kiti changu kimechakaa, kikatengenezwa, kikachakaa tena, kikatupwa. Chake bado kina nailoni ya dukani mgongoni, na kazi yake pekee imekuwa kubeba mkoba, mwavuli na boksi la mikanda ya kupimia. Chai aliinywa wima mlangoni, simu aliipokea akielekea kwenye ngazi, na barua pepe alizisoma ameinama juu ya meza kama mtu aliyerudi kuchukua funguo. Mgeni akiuliza yuko wapi, tulimwambia asimame hapo hapo, atampitia.

Alianza kazi wodi ya wazazi, akahamishiwa wodi ya wanaume, na huko ndiko presha ilikomkuta. Si presha yake, hiyo nitaifikia. Walikuwa wanaletwa watu wazima wenye nguvu zao, jana walikuwa kazini, leo upande mmoja wa mwili haufanyi kazi na mdomo umekwenda kando. Nyuma ya machela anakuja ndugu na mfuko wa dawa. Kiguu na Njia alikuwa akiufungua mfuko ule anakuta pakiti za dawa ya presha, za mwezi huu na za mwezi uliopita, hazijaguswa. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi. Alituambia baadaye kwamba ugonjwa usio na dawa angeweza kuuvumilia, lakini si mtu kupooza huku dawa yake iko kabatini. Kwa hasira hiyo akaomba uhamisho kuja kwetu, wakati kitengo kizima kilikuwa chumba kimoja kilichopakana na stoo ya vitanda vibovu.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, utafiti wetu unauliza swali linaloonekana jepesi: mtu akishapewa dawa ya presha, anaimeza? Ugumu ni kwamba presha haiumi. Mwenye jino bovu hakumbushwi dawa. Mwenye presha anaamka mzima, anakwenda kazini mzima, halafu anaambiwa ameze kidonge kila siku maisha yake yote kwa ajili ya kitu asichokihisi. Ili kujua ukweli tulikuwa tunawatembelea washiriki nyumbani, tunapima presha na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Vikibaki vingi kuliko inavyotakiwa, mtu hamezi. Vikilingana, anameza. Ndivyo tulivyoamini.

Hapo kazi ilikuwa imempata mwenyewe. Dereva wa kitengo ana malalamiko yake ya kudumu, kwamba yeye hajazima gari na nesi ameshafika mlango wa pili. Alijua uchochoro gani unajaa maji, mbwa gani ni mkali wa kweli na yupi ni mdomo tu. Vidonge alivihesabu amesimama, juu ya sahani ya kuazima kwa mwenye nyumba, akivisukuma kwa mpini wa kijiko huku akiuliza habari za wajukuu, za paa linalovuja na za shangazi aliyenuna. Watu walimpenda, na hapo ndipo tulipokosea.

Kiguu na Njia alilelewa kwamba mtu haingii nyumbani kwa mwenzake kama mvua. Kwa hiyo kila mshiriki alipigiwa simu siku moja kabla: kesho nakuja, usihangaike na chochote, nitatazama tu vile vidonge. Kitengo kizima tuliona huo ni uungwana, tukauweka hata kwenye mwongozo wa utafiti. Matokeo yakaja matamu. Kwa mujibu wa vidonge, wagonjwa wetu walikuwa malaika, karibu wote wakimeza karibu kila siku. Kasoro ilikuwa moja, kwamba mashine ya presha haikukubaliana nao. Wengi wa hao malaika presha zao zilikuwa juu vilevile.

Mtafiti mkuu, bingwa wa moyo na mtu makini sana, aliyatafsiri kama daktari yeyote angeyatafsiri: ikiwa wanameza na presha haishuki, basi dozi ni ndogo. Washiriki wa namna hiyo wakarudishwa kliniki, dozi ikaongezwa. Kwa upande wangu, majedwali yale yalininyima raha. Nilikuwa nainuka, nazunguka meza, narudi, nayatazama tena. Kiguu na Njia alinicheka, akasema afadhali na mimi nimepata ugonjwa wa kutotulia.

Mmoja wa walioongezewa dozi alikuwa fundi cherehani, mzee mchangamfu aliyefiwa na mkewe, anayeshona sare za shule. Muda si mrefu binti yake akaja likizo, akazikuta dawa za baba, akazishika yeye. Kila asubuhi chai, kidonge, maji, na haondoki mbele ya baba mpaka amemeza. Fundi aliona haya kumwambia binti yake kwamba dawa hizo hajawahi kuzimeza ipasavyo. Akameza. Mwili ambao haukuwa umezoea hata dozi ndogo ukapokea kubwa, kila siku. Kabla wiki haijaisha, aliinuka kwenye cherehani kumpima mteja kiuno, macho yakaingia giza, akaanguka na kupasuka paji la uso kwenye ukingo wa meza.

Kiguu na Njia alifika wodini kabla ya faili. Presha ya mzee ilikuwa imeshuka mno, na binti alikuwa nje ya pazia analia, akidhani amemuua baba yake kwa dawa. Fundi, bandeji kichwani, alimvuta nesi wake karibu akamwambia kwa sauti ndogo:

"Dada, wewe ukishapiga simu, mimi vile vya kuzidi navimwaga chooni. Sikutaka utembee jua lote lile halafu uje uvunjike moyo."

Akakaa. Nalitaja jambo hili kwa sababu nilikuwepo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekaa akiwa kazini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo amewafokea wanafunzi wengi kwa kulifanya, akashika tama. Mtu alikuwa karibu kufa kwa ajili ya adabu. Ilikuwa adabu yake fundi, ya kutotaka kumvunja moyo mgeni, na adabu yetu sisi, ya kumpa mwenyeji nafasi ya kujiandaa.

Alipoinuka pale hakushikika tena. Alimfuata mtafiti mkuu kwenye kikao, akamtoa nje mbele za watu, na siku hiyo hiyo nyongeza zote za dozi zikasimamishwa na washiriki wakaitwa kupimwa upya. Kisha akataka tuache kupiga simu. Kamati ya maadili ya utafiti ikakataa, na ilikuwa na haki yake, maana huwezi kumvamia mtu kwake ukaiita hiyo sayansi. Mvutano ulichukua miezi. Yeye akienda na kurudi, wao wakimrudisha. Mwishowe zikapatikana sentensi chache ambazo kila mshiriki husomewa anapojiunga, na ambazo nimezikariri: Siku moja tutakuja kwako, hatutasema lini. Ukitaka kutufungia mlango utufungie, na hatutauliza kwa nini. Ukitufungulia, hatutakugombeza kwa tutakachokikuta. Wengi walikubali.

Jambo la pili alilobadilisha ni swali. Zamani tuliuliza, unameza dawa? Swali hilo lina jibu moja tu kwa mtu mwenye heshima zake. Yeye akaleta jingine: mara ya mwisho kilikushinda lini? Yaani kidonge. Swali lenyewe limeshakubali kwamba kinashinda watu, kwa hiyo aliyeshindwa haoni haya. Watu wakaanza kusema. Mama mmoja alikuwa anazificha dawa ndani ya debe la unga ili wake wa wanawe wasijue ni mgonjwa, akawa anazisahau humo humo. Mlinzi anayelala mchana hakuelewa ile asubuhi iliyoandikwa kwenye pakiti ni asubuhi ya nani. Na fundi wetu cherehani, moja ya dawa zake ilikuwa ya kutoa maji mwilini, inamkimbiza chooni nusu siku nzima, na duka lake halina choo. Choo kiko mwisho wa jengo na ufunguo uko kwa kinyozi. Akirudi, mteja ameshaondoka. Kwa hiyo alimeza siku ambazo hafungui duka, basi. Daktari akakisogeza kidonge hicho mpaka alasiri anapofunga kazi, na presha ya fundi ikashuka kwa dozi ileile ya zamani. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza choo kiko wapi.

Majedwali yangu yakaharibika, kwa maana kwamba yakawa ya kweli. Malaika walitoweka, wakabaki watu. Ripoti ya mwaka ule haikupendeza kusoma, na mtafiti mkuu aliitetea mbele ya wakubwa bila kumung'unya maneno. Miaka iliyofuata presha za washiriki zilianza kushuka, na leo wauguzi wa zahanati mbalimbali wanaletwa kwetu kujifunza swali lile. Mwalimu wao amekuwa Kiguu na Njia, akiwa amesimama, bila shaka.

Sasa nifikie presha yake. Ziliponunuliwa mashine mpya tulipimana wenyewe kwa wenyewe ili kuzijaribu. Yake ikasoma juu sana. Akasema mashine mbovu. Ikaletwa nyingine, nayo akaisingizia betri. Iliyofuata akaisingizia mkanda. Mtafiti mkuu akampima kwa mkono wake, kwa ile mashine kuukuu ambayo Kiguu na Njia alikuwa akituapia kwamba haijawahi kudanganya, hapo akakosa pa kutokea. Akaandikiwa dawa. Kila nilipomuuliza alijibu kwamba anameza, mbona, huku ameshanipa mgongo. Kabati letu la mafaili limejaa majibu ya namna hiyo.

Mwaka jana, katika mafunzo, aliwagawa wauguzi wawili wawili wafanye mazoezi ya kuulizana swali. Muuguzi mmoja wa makamo, mtu mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akabaki bila mwenza. Akamgeukia mwalimu.

"Na wewe, dada, mara ya mwisho kilikushinda lini?"

Watu wakajiandaa kucheka. Kiguu na Njia alisimama na kalamu ya ubaoni mkononi. Aliifunga kifuniko, akaifungua, akaifunga.

"Sijawahi kumaliza pakiti," akasema. "Nikimeza, mimi ni mgonjwa. Nisipomeza, bado ni nesi."

Nilikasirika, na niseme wazi kwamba sijawahi kumkasirikia mtu kazini kiasi kile. Ilikuwa hasira ileile aliyokuwa nayo yeye kwa mifuko ya wodi ya wanaume. Nilitoka nje nikatembea korido nzima, na kila nilipogeuka nilimwona yuko kwenye machela na nyuma yake anakuja mume wake na mfuko. Niliporudi, wauguzi walikuwa wamemzunguka, naye anawaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba jibu hilo halimo kwenye majedwali yetu: wako watu wanaokataa kidonge kwa sababu ya jina kinalowapa. Sasa limo, nimeliweka mwenyewe.

Tangu siku hiyo kitengo kikawa na desturi. Chai ya saa nne ikifika, Kiguu na Njia anameza mbele yetu. Mama wa chai ndiye msimamizi na hana masihara, kikombe hakitoki mpaka mwenyewe atoe ulimi akaguliwe kama mtoto wa chekechea. Wakubwa wamepita mlangoni wakamkuta muuguzi mwandamizi ulimi nje, na hakuna aliyejisumbua kuwaeleza. Presha yake ikashuka. Tukajipongeza, tukadhani yamekwisha.

Wiki chache zilizopita, nikitafuta habari za kuandika hapa, niliona nimtembelee nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, na simu sikupiga. Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye mimi humwita shemeji, alinikaribisha sebuleni akanionyesha kiti kizuri cha kuegemea alichomchongeshea mkewe kwa ajili ya kustaafu. Kilikuwa kimejaa nguo zinazongoja pasi. Mwenyewe tulimkuta nyuma ya nyumba, juu ya ngazi, anasugua madirisha ambayo mimi niliyaona safi. Nikamuuliza kutoka chini, bila salamu ndefu, mara ya mwisho kilimshinda lini.

"Leo," akasema, akaendelea kusugua. "Jana kulikuwa na chai."

Shemeji akatazama chini. Na yeye ndiyo kwanza anasikia. Kumbe mwenzetu alikuwa anameza siku za kazi tu. Jumamosi na Jumapili hakuna mama wa chai wala wa kumtolea ulimi, kwa hiyo alikivua kidonge pamoja na koti jeupe. Na kuanzia mwezi ujao, kila siku kwake itakuwa Jumapili. Nimeandika ukurasa huu wote nikiwa na wazo hilo kichwani, na kama maneno yangu yanarukaruka, sababu ndiyo hiyo. Ninamwogopea.

Aliposhuka kwenye ngazi nilimsomea zile sentensi, neno kwa neno, kama anavyosomewa mshiriki yeyote. Nusu yazo alizitunga mwenyewe. Alizisikiliza huku anakamua kitambaa, akakikamua hata kilipokuwa hakina tone.

"Njooni," akasema. "Ila msinikute nimekaa."

Kisha akaniruhusu niyaandike haya yote, akasema wapo wauguzi wenzetu wenye pakiti kwenye mikoba yao na wakisoma watajijua. Shemeji aliingia ndani akarudi na glasi ya maji, akasimama naye chini ya dirisha mpaka kidonge kikapita. Hakumwambia atoe ulimi. Nadhani ndoa ina mipaka yake.

Kiguu na Njia, kitengo kizima kinakushukuru: kwa milango uliyoigonga, kwa swali ulilotuachia, na kwa kukubali kuulizwa wewe. Mtafiti mkuu anakushukuru hata kwa ile siku uliyomtoa kwenye kikao. Dereva anasema sasa ataweza kuzima gari kwanza. Fundi cherehani anakusalimu sana, amesikia habari za kile kiti na ameshona mto wake, nao utakabidhiwa kwenye sherehe. Hizo nguo za pasi zitafutiwe pahali pengine.

Tunakutakia siku nyingi na nzuri, na katika hizo ujaribu kuketi kidogo. Tutakuja. Hatutasema lini. Siku hiyo hutakuwa nesi, wala hatutakuita mgonjwa, utakuwa dada yetu aliyetufungulia mlango. Usitungoje sisi ndipo umeze. Tukifika, tukute umeshameza.